Mama, Kidole Hakijasoma

Hapo zamani, na zamani yangu mimi si ya mababu wala ya sungura na fisi, ni ya juzijuzi tu, pale ilipotangazwa kwamba asiyeweka kidole simu yake itazimwa, palikuwa na mwanamke katika kijiji cha Namkuyu, kusini huko kwenye mikorosho. Jina lake Somoe. Lishikeni hilo jina, maana ndilo lililoibwa. Hakuibiwa kuku, hakuibiwa baiskeli. Aliibiwa jina, na aliyeliiba akatembea nalo mchana kweupe, akila nalo, akiitikia nalo.

Bi Somoe alikuwa nyakanga, yaani yule mama anayewaingiza wasichana unyagoni na kuwatoa. Msichana wa Namkuyu hakuhesabiwa mtu mzima mpaka Bi Somoe amshike mkono mbele ya ngoma na kusema, "Mimi Somoe nimemwona. Ni mtu." Basi, imekwisha. Cheti kingine hakikutakiwa. Kwa hiyo jina lake halikuwa la kuitikia tu. Lilikuwa jina la kazi, na lilitakiwa liwe safi.

Lakini unyago ni wa msimu, na tumbo ni la kila siku. Kila siku Bi Somoe alibangua korosho. Anayeijua kazi hiyo anajua mafuta ya ganda lake yalivyo makali: yanaunguza, yanababua, ngozi inaota na kubabuka tena. Ile mistari ambayo Mungu humchorea kila mtu ya kwake, kwenye vidole vya Bi Somoe ilikuwa imefutika, navyo vimekuwa laini kama mpini wa jembe la siku nyingi. Hakuona haya navyo. Kwa vidole hivyo alimlea Sharifa, yatima wa marehemu mdogo wake, mpaka akaolewa mjini na kupata binti, Tatu, ambaye mwaka huo zamu yake ya kutoka unyagoni ilikuwa imefika.

Basi ikaja siku ya kuweka vidole. Foleni ikapangwa sokoni mbele ya Bashiru, kijana aliyekuwa akisajili laini chini ya mwavuli, na mashine yake ndogo ya kusomea vidole magotini. Kijana nadhifu, mwingi wa shikamoo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nisomee kitambulisho. Haya. Weka kidole."

Akaweka.

"Mama, kidole hakijasoma. Weka tena."

Akakipangusa kwenye kanga, akaweka.

"Mama, hakijasoma. Weka tena."

Foleni ikaanza kuguna nyuma. "Bi mkubwa, jua hilo!" Bi Somoe akaona haya, yeye ambaye mbele ya ngoma haoni haya. Akakitia mate kidole, akakisugua, akaweka.

"Hakijasoma. Weka tena. Bonyeza kwa nguvu. Hapo sasa! Vidole vyako vigumu, Mama. Nipe na namba ya ndugu wa karibu, tukikukosa wewe tumpate yeye."

Akampa namba ya Sharifa, akamweleza kuwa ni mtoto wa mdogo wake, akashukuru, tena akaomba radhi kwa kumchosha kijana wa watu.

Akaomba radhi! Nanyi mnaonisikiliza, mnajua kilichotokea? Kidole kilisoma. Alipokipangusa kwenye kanga tu kikasoma, na laini yake ikawa tayari. Hayo mengine yote, weka tena, weka tena, bonyeza kwa nguvu, alikuwa anasajiliwa laini ya pili ambayo hakuiomba wala hakuiona. Mashine imeshashiba, kijana anasema ina njaa. Na mwanamke wa watu amesimama juani, anasugua kidole chake kwa mate, anajilaumu yeye.

Ile laini ya pili Bashiru akamuuzia mpita njia mmoja aliyevaa kofia. Akamuuzia laini, akamtajia na jina la mwenye kidole, akamwongezea na namba ya Sharifa na udugu wao, kama muuza dagaa anavyokuongezea pilipili.

Sasa twende kwa Sharifa, mjini. Yeye ndiye aliyekuwa akilisimamia grupu la ukoo kwenye simu, pale ndugu waliotawanyika wanapojuliana hali. Mama yake mkubwa hakuwamo, maana simu yake ilikuwa kitochi, cha kupigia na kupokelea tu. Siku hiyo ukaingia ujumbe: "Mwanangu Sharifa, ni mimi mama yako mkubwa. Nimenunuliwa simu kubwa. Namba yangu mpya ndiyo hii, ile ya zamani ninayo pia. Niingize kwenye grupu na mimi."

Msimwite Sharifa mjinga, nitakasirika. Alikuwa amesikia redioni: kabla hujaiamini namba, angalia jina. Akajifanya anatuma hela ili simu imtajie mwenye namba. Ikamtajia. Somoe, jina la baba, jina la babu, bila kupungua herufi. Akapiga vigelegele peke yake jikoni. Kinga aliyofundishwa ndiyo iliyomfungulia mwizi mlango.

Hata hivyo moyo haukutulia moja kwa moja. Akampigia mama yake mkubwa kwa ile namba ya zamani. Lakini amwulizeje? Amwambie, "Mama, huyu aliyeniandikia ni wewe kweli?" Huko kwao huwezi kumwuliza aliyekulea, wewe ni nani. Ni tusi. Basi akazunguka, kama adabu inavyotaka.

"Mama mkubwa, tumefurahi sana umeingia kwenye grupu."

Na wiki hiyo hiyo, jamani, Bi Somoe alikuwa amejiunga na grupu la kina mama wabangua korosho, la kukutana ana kwa ana, si la simu. Akadhani habari hizo ndizo zimefika mjini.

"Asante, mwanangu. Na mimi nimefurahi. Wenzangu wamenipokea vizuri."

"Basi usituchoke, uwe unatuandikia."

Bi Somoe akashangaa kidogo. Kuandika? Lakini mtoto akikukaribisha kwa maneno mazuri, huanzi kumhoji. "Haya, mwanangu," akasema, "Mungu akipenda."

Mmoja aliuliza bila kuuliza, mwingine akajibu asichoulizwa, na katikati yao yule mwenye kofia akapita.

Akakaa kwenye grupu kimya, anasoma. Akiandika, ni "Amina wanangu" na "Mungu awazidishie". Nani atamshuku mama wa Amina? Akajua nani yuko wapi. Akajua kwamba Nandonde, kaka yake Bi Somoe na mkubwa wa ukoo, anaumwa kifua, yuko shambani kwake mabondeni ambako simu haishiki. Alipokwisha kujua hilo, akaandika:

"Wanangu, mjomba wenu Nandonde ametutoka alfajiri. Rambirambi zije kwenye namba hii, litatokea jina langu. Msinipigie, nimezidiwa na kilio."

Msinipigie! Hapo ndipo nyongo yangu inapopanda kila nikiisimulia hadithi hii. Alijua kwamba sisi mtu akisema analia hatumsumbui. Alichukua adabu yetu akaifanya kufuli, akatufungia nje. Ukoo mzima ukatuma. Kila aliyetuma aliona jina la Somoe, akafuta machozi, akabonyeza.

Bi Somoe alikuwa uani, anabangua, akasikia kilio kinakuja njiani. Wanawake wa Namkuyu hao, kanga viunoni.

"Pole, Bi Somoe!"

"Pole ya nini?"

"Ya kaka yako Nandonde!"

Akaangusha korosho zote. Hakuuliza nani amesema. Nani huuliza? Akajifunga kanga, akashika njia ya mabondeni, akilia njia nzima, akimtaja kaka yake kwa majina ya utotoni ambayo wengine hawakuyajua.

Walipofika, walimkuta Nandonde amekaa uani kwake, anamenya muhogo. Mbele yake amesimama Chitanda, mtani wa ukoo, na jembe begani. Watani ndio wanaozika kule, na ndio wanaoruhusiwa kusema lolote.

"Nimekuja kukuzika," Chitanda alikuwa anasema. "Usinipotezee muda, nina shamba langu."

"Nizike nimefanya nini?" akauliza Nandonde, na kikohozi juu.

"Umekufa. Dada yako ametangaza."

Bi Somoe akamrukia kaka yake, akamshika uso, akacheka na kulia pamoja. Lakini furaha hiyo ilikuwa fupi. Macho yote yalikuwa kwake. Wengine walikuwa na ujumbe mkononi, unang'aa, una jina lake.

"Si mimi," akasema.

"Jina lako hili."

"Jina ni langu. Mimi si mimi."

Watu wakatazamana. Jibu gani hilo? Lakini niambieni, wewe ungejibuje?

Sasa Namkuyu wana mila yao. Mtu aliyeliliwa naye yuko hai hatajwi kwa jina, haliwi naye sahani moja, wala ngoma hailii katika ukoo wake, mpaka kosa lifutwe. Na halifutwi kwa pole. Huletwa mbuzi, na mwenye kosa huishika kamba yake mbele ya watu akasema, "Mimi fulani ndimi niliyemlilia aliye hai." Na kinywa kilichotamka maneno hayo hakimtoi tena msichana unyagoni, wala aliyeyatamka hasogei penye ngoma ya mwanawe. Wasichana walikuwa ndani tayari, Tatu mmoja wao, wanasubiri ngoma.

Bi Somoe hakukubali kushika kamba gizani. Akaenda mjini kwenye ofisi ya kampuni ya simu, na Chitanda nyuma yake. Binti aliyekuwa mezani akabonyeza mashine yake.

"Mama, laini zote mbili ni zako."

"Ya pili siijui."

"Umeiwekea kidole. Na kidole hakidanganyi."

Bi Somoe akanyanyua kile kidole laini, akamwekea machoni. "Mwanangu, siku ya kuandikishwa kidole hiki hakikusoma hata kwa mate. Leo ya kunishtaki kimesoma mpaka kimehitimu?"

Yule binti akatazama tena. Laini mbili, siku moja, wakala mmoja. Akaifunga ile ya pili. Kisha akasema kwa upole, "Lakini Mama, kila mtu anaweza kuiuliza simu yake, bure kabisa, ni laini ngapi zimeandikwa kwa jina lake. Hata kitochi kinajibu. Lilitangazwa."

"Lilitangazwa wapi?" akauliza Chitanda.

"Mtandaoni."

"Mngelipigia mbiu chini ya maji, samaki nao wasikie!" akasema Chitanda, na Bi Somoe akamvuta kanzu watoke.

Polisi wakaandika maelezo. Mwenye kofia alikuwa ameshatoweka, na laini ameitupa. Watamtafuta kwa jina gani? Hakuwa na jina la kukamatwa nalo. Alilokuwa nalo lilikuwa la Somoe.

Basi wa kushika kamba wakabaki watatu, Bashiru, Sharifa na Bi Somoe, na mbuzi mmoja. Uani kwa Nandonde watu wakajaa. Mbuzi alikuwa wa Bashiru. Alimleta mwenyewe, mnono, baada ya Chitanda kwenda kumkalia chini ya ule mwavuli wake na kuwaeleza wateja wote habari za weka tena. Mbuzi akafungwa kwenye mti, kamba ikalala mchangani. Chitanda akasimama katikati.

"Nani anashika? Maiti ana njaa."

Bashiru akainuka wa kwanza. "Wazee wangu, mama zangu, nimekosa. Laini niliiuza mimi. Lakini mimi niliuza laini, sikuua mtu, wala sikuandika ule ujumbe. Kila wakala anafanya hivyo, na bosi wangu anataka laini nyingi. Mbuzi huyu hapa. Mkitaka na wa pili nitaleta. Ila yale maneno sitayasema."

"Kwa nini?" akauliza Bi Somoe. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua kinywa siku hiyo.

"Mama, nikilitaja jina langu na maneno yale mbele ya watu, litabaki hivyo hivyo. Nitaoa wapi? Nitafanya kazi wapi? Mtu ni jina, Mama."

Ua mzima ukalipuka. "Ahaa! Lako unalipenda!" Chitanda ikabidi awazuie watu kwa mpini wa jembe. Bi Somoe hakupiga kelele. Akamkazia macho kijana. Jina lake liliuzwa na nyongeza juu, na huyu la kwake analifunika kama yai.

Wazee wengine wakatia neno. "Hata akisema, yeye si wa ukoo. Kinywa cha mgeni kitasafisha nini kwetu?" Wengine wakakataa. "Aliyechafua ndiye afue, awe mgeni awe nani."

Akainuka Sharifa, ametoka mjini kwa ajili hiyo. "Mlango niliufungua mimi," akasema. "Lakini niliangalia jina, kama tulivyofundishwa. Nikapiga na simu. Mama mkubwa mwenyewe akaniambia amefurahi kuingia kwenye grupu. Ningefanya nini tena?"

"Ungemwuliza waziwazi," akasema Chitanda. "Ungesema, Mama, andiko hili ni lako? Sauti ya mtu haiuzwi na laini."

"Nimwulize mama yangu yeye ni nani? Ningemwuliza hivyo, leo mngeniita mtovu wa adabu." Machozi yakamtoka. "Na nikishika kamba, Tatu anatoka kesho na mimi sipo. Mimi nilitoka bila mama, kwa sababu mama yangu alikuwa kaburini. Mnataka mwanangu atoke bila mama, na mama yupo nyuma ya ua, anasikia ngoma?"

Wanawake wengi walikumbuka siku ile Sharifa alivyotolewa, na mkono uliomshika ulikuwa wa nani.

Chitanda akamgeukia Bi Somoe, na safari hii utani ulipungua. "Mtani wangu, na wewe? Kidole chako uliweka tena na tena, hukusema, nionyeshe hiyo mashine imeandika nini. Mwanao akakwambia, uwe unatuandikia. Wewe na kitochi chako ukasema, haya, Mungu akipenda. Ungeuliza neno moja tu, kuandika nini, mwizi angekamatwa kwenye kizingiti."

"Kweli," akasema Bi Somoe. "Niliona haya kuuliza. Kwa kijana niliona haya ya vidole, kwa mtoto niliona haya ya ujinga. Lakini Chitanda, nimekosa kwa kuibiwa? Mtu akivunjiwa nyumba, mnamchapa kwa kuwa na mlango?"

"Jina ni lako," akasema mzee mmoja nyuma.

"Jina ni langu, ndiyo! Ndiyo maana nalililia! Mmekaa hapa mnatafuta nani alisafishe, na kila mmoja wenu alituma rambirambi bila kuja, bila kupiga, mnasema dada mtu ameomba asisumbuliwe. Mlituma hela, mkalala. Kaka yangu angekuwa amekufa kweli, mngezika kwa kidole!"

Watu wakatazama chini.

Wakamgeukia Nandonde, mkubwa wa ukoo. Aseme yeye, amalize. Nandonde alikuwa amekaa peke yake na sahani yake, kama mila inavyotaka, tangu siku ile hajaitwa kwa jina. Akakohoa, akaweka tonge chini.

"Mimi ni maiti," akasema. "Maiti hahukumu."

Kutoka kijijini ikasikika ngoma ikijaribiwa, pigo moja, kisha ikanyamaza, maana wapigaji walikuwa wanangoja ruhusa. Ndani ya nyumba ya unyago Tatu alikuwa ameshapakwa mafuta. Bi Somoe akainuka, akaisogelea ile kamba. Akishaishika, hatamshika mkono Tatu, wala msichana mwingine yeyote maisha yake yote. Sharifa akamwahi, akamkamata kanga kwa nyuma, na mkono wake mwingine akaunyoosha kwenye kamba hiyo hiyo. Bashiru alikuwa amesimama karibu kuliko wote, kamba imelala kwenye vidole vya miguu yake, na hakuinama.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa na ninyi msinitazame mimi, na msitazame chini kama wale. Kesho ngoma inalia au hailii. Aliyeuza jina na kulificha la kwake, aliyefungua mlango kwa adabu, au mwenye jina aliyeona haya kuuliza: je, nani alistahili kuishika ile kamba?